Matone ya Kurudi Kitandani

Jumatatu, 6 Mei

Nimefukuzwa kitandani. Mimi! Mume wa ndoa, mwenye cheti. Tangu jana nalala sebuleni kwenye godoro jembamba, kichwa chini ya cherehani ya mke wangu, ambaye hushona sare za shule na hana tabia ya kuokota pini zinazoanguka. Asubuhi nimechomoa pini mbili mgongoni. Ya tatu sijaiona, lakini najua ipo.

Sababu: nanuka vitunguu. Hakusema kwa ubaya. Alisema amevumilia tangu tuoane, na harufu ikitoka nirudi tu, mlango hafungi. Sawa, ni kweli mimi ni mpima mizani kwenye ghala la vitunguu. Kutwa nzima magunia yanapanda, magunia yanashuka, nami nasoma namba kwa sauti. Lakini naoga! Asubuhi na jioni. Mke wangu akasema shida ni koti langu la kazi, lile ninalolitundika kwenye msumari juu ya mto wake, na kwamba nikilifua yataisha. Nikamwambia tusitoke nje ya mada. Koti ni koti, harufu ni ya mwili. Tena koti hilo halijaguswa na maji tangu nipandishwe cheo kutoka kubeba magunia hadi kuyapima, na siwezi kuichezea bahati yangu.

Lakini jambo lenyewe si godoro. Jambo ni mama mkwe. Anakuja Jumamosi. Kila akija huuliza swali moja: mjukuu yuko wapi? Huchungulia chini ya meza kana kwamba tumemficha. Huja na basi la asubuhi, hurudi na la jioni. Hajawahi kulala kwetu hata mara moja, anasema hawezi kukoroma mbele ya mkwe. Nilimsihi mke wangu asitaje habari za godoro. Akasema hatazianzisha yeye, ila akiulizwa na mama yake hatadanganya. Akiulizwa! Mama mkwe huuliza hata tulichokula juzi. Akijua nalala sebuleni, swali la mjukuu litakuwa limepata jibu, na jibu ni mimi. Tangu siku ya kwanza alitaka binti yake aolewe na mtu wa ofisini. Mimi huniita Huyo.

Kwa hiyo nina hadi Jumamosi. Na kuna sababu nyingine, naiandika hapa tu: namkumbuka mke wangu. Yuko chumba cha pili, nasikia anavyogeuka, na namkumbuka.

Jioni kwenye foleni ya bafu nilisimama nyuma ya Kinyozi, jirani yetu wa mlango wa kushoto. Ua mzima tunatumia bafu moja, kwa hiyo harufu za watu nazijua zote. Huyu anashika vichwa vya watu kutwa nzima, lakini akipita unajua amepita bwana. Mke wangu alishawahi kulisema hilo, tena mbele yangu. Nikamuuliza kwa ujanja, kama mtu asiye na haja, anaogea nini. Akaringa kwanza. Kisha akasema ni mafuta ya kunukia yanayokamuliwa kwenye mimea, matone machache tu kwenye maji ya kuoga, na kwamba si kila mtu anayaweza. Si kila mtu! Tutaona.

Jumanne, 7 Mei

Saa ya chakula nilikwenda kwa Mama Sabuni, yule mwenye duka dogo karibu na stendi. Rafu nzima ya vichupa. Nilichukua vitatu: lavenda, mnanaa na mkaratusi. Mama Sabuni akaanza kunieleza. Yana nguvu, akasema, matone mawili matatu, na kwanza uyachanganye na mafuta mazito au sabuni ya maji, kwa sababu mafuta na maji hayapatani, na usijipake hivi hivi, na usiyafikishe sehemu za… Hapo nikamshukuru nikaondoka. Mtu akishasema matone, kilichobaki ni kudondosha. Mimi nasoma mizani inayopima tani. Nitashindwa na matone?

Jioni nikaanza na lavenda. Matone kumi na tano, kwa sababu harufu yangu si ya matone matatu. Mafuta yakaelea juu ya ndoo. Nikayangoja yazame. Hayakuzama. Nikateka kopo la kwanza, nikajimwagia kichwani, lavenda yote ikashuka nalo. Ndoo iliyobaki ilikuwa maji matupu. Kwa hiyo nywele zangu zinanukia mno, na kuanzia shingoni kwenda chini mimi ni yule yule.

Nikakumbuka Kinyozi aliwahi kusema mengine huyadondosha sakafuni, ili maji ya moto yakimwagika mvuke upande na harufu. Nikadondosha sakafuni. Mvuke haukupanda. Nilishuka mimi. Kandambili moja ilikwenda mlangoni, nyingine haijaonekana. Nimekalia upande mmoja kuandika haya.

Nilipopita mbele ya mke wangu alinusa, akainua kichwa kutoka kwenye cherehani. Moyo ukaruka! Akasema sasa kuna harufu mbili. Kisha akauliza koti liko wapi. Nikasema liko kwenye msumari wake, pale pale. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona. Kuna watu hawajui kufurahia maendeleo.

Jumatano, 8 Mei

Siku mbaya kazini. Niandike upesi.

Asubuhi sikutia lavenda kwenye ndoo tena. Nilijipaka kifuani, mabegani, nyuma ya masikio, na tone moja chini ya kila tundu la pua ili nijisikie mwenyewe. Nilinukia, jamani. Wabeba magunia walisimama kunitazama. Mmoja aliuliza kama natoka harusini. Nikawaambia usafi ni wa kila mtu.

Kumbe lavenda inaleta usingizi! Kichupa kiliandikwa, lakini kwa herufi za wadudu. Kufika saa nne joto la ghala limepanda, kope zimekuwa nzito, nikaegemea gunia lililokuwa juu ya mizani. Kidogo tu. Nilipoamka, mteja alikuwa ameshapewa uzito wa gunia pamoja na wangu. Aliyesoma namba ni Msimamizi mwenyewe, ambaye alidhani nimeinama kukagua mshono. Mteja si mjinga. Akasema hajawahi kuona gunia la vitunguu linalokoroma.

Msimamizi alinipeleka pembeni. Akasema akinikuta tena nimelala, nitarudi kubeba. Akaongeza kwamba nanuka kama kabati la bibi harusi, na wateja wanakuja hapa kununua vitunguu, wanataka kunusa vitunguu. Yaani kazini nanuka vibaya kwa kunukia, nyumbani nanuka vibaya kwa kunuka. Mtu aishi wapi?

Nilipofika nyumbani nilitundika koti, nikalala godoroni bila kula. Mke wangu aliniletea sahani, akakaa kitako karibu yangu mpaka nikamaliza. Alinitoa uzi begani. Nilitaka kumwomba nirudi, lakini nikaona nisiombe huruma wakati dawa ninayo. Bado kuna mnanaa.

Alhamisi, 9 Mei

Sitaki kuandika.

Naandika.

Nilifanya hesabu hivi: lavenda inalaza, mnanaa unaamsha. Kila mtu anayepiga mswaki anajua. Tena maji yanaharibu mafuta, hilo nililiona Jumanne. Basi nijipake mnanaa mtupu, mwili mzima, nisibakize mahali, kisha nioge. Nikaingia bafuni alfajiri, wa kwanza kwenye foleni. Nikajipaka. Mikono, kifua, mgongo kadiri nilivyofikia. Na kule. Mwili mzima ni mwili mzima.

Mwanzo, ubaridi mzuri. Nilitabasamu peke yangu. Kisha ubaridi ukaongezeka. Kisha ukawa si ubaridi tena, na wala si moto, ni kitu kilicho katikati chenye hasira. Nikachukua maji nijimwagie. Makosa! Maji yaliufanya uingie ndani zaidi. Nilipiga kelele, nasikia ukuta wa jirani uligongwa. Nikatoka mbio.

Nje kulikuwa na foleni nzima ya ua, kila mtu na ndoo yake. Mimi nilikuwa na taulo, tena lile dogo. Sikuweza kusimama, sikuweza kukaa. Nilikuwa naruka kutoka mguu hadi mguu na kujipepea kwa mfuniko wa ndoo ya mtu. Bibi Mwenye Nyumba, ambaye ua huu ni wake na husimamia foleni kwa fimbo yake ya kutembelea, aliuliza kama ni nyuki. Kinyozi alijua. Alinusa mara moja, akakalia ndoo yake akacheka mpaka akajifuta machozi. Akawaeleza wote, kwa sauti, ni mafuta gani na nimejipaka wapi. Sitamsahau huyu mtu.

Mke wangu ndiye aliyekuja. Alinishika mkono kama mtoto, akanirudisha ndani, akachukua mafuta ya kupikia na kitambaa cha sare kilichobaki, akanifuta mgongo. Akasema mafuta hutolewa kwa mafuta. Yeye alijuaje? Alimuuliza Mama Sabuni zamani, akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anacheka kwa ndani, mabega yanamtikisika, kisha ikamshinda akacheka wazi, nami nikacheka, na kwa muda kidogo ilikuwa kama mwanzo wa ndoa. Nikaona hapa hapa. Nikamuuliza kama harufu imetoka. Alininusa shingoni kwa uaminifu kabisa. Akasema nanuka kama mtu aliyekula vitunguu kisha akapiga mswaki. Halafu akasema, kwa upole, koti. Nikavaa koti nikaenda kazini.

Kutwa nzima nilikuwa nikiwaza. Kosa liko wapi? Nikalipata mchana! Kosa ni ndoo. Ndoo ni ndogo, mafuta hayana nafasi ya kusambaa. Yanahitaji maji mengi na muda mrefu. Na maji mengi yako wapi? Kwenye tangi. Jioni, watu walipokuwa ndani wanakula, nilipanda ngazi ya tangi la ua, nikamimina kichupa kizima cha mkaratusi. Kesho bomba la bafu litatoa maji yaliyoiva tayari. Najisikia mtu mwenye akili.

Ijumaa, 10 Mei

Nimerudi kitandani! Nimerudi! Lakini nianze mwanzo.

Nilisahau kwamba tangi ni moja. La kuogea, la kupikia, la chai. Asubuhi ua mzima ulikunywa chai ya mkaratusi. Mtoto wa jirani wa mbele alisema ni dawa ya kifua, akakataa. Babu yake alikunywa vikombe viwili akasema pua imezibuka. Waliobaki walitoka nje na vikombe mkononi, wamekasirika, wakimwita Bibi Mwenye Nyumba.

Bibi Mwenye Nyumba hakuuliza maswali. Alitupanga mstari karibu na tangi, akapita akitunusa mmoja mmoja. Alifika kwangu. Nilikuwa nimevaa koti. Akanusa mara moja, akakunja uso, akasema huyu ni vitunguu, apite. Nikapita! Koti la bahati, mimi nilisema. Akafika kwa Kinyozi. Kinyozi alinukia lavenda, mchaichai, mkaratusi na maua mengine ambayo hata sikuyajua. Kesi ikaishia hapo. Alihukumiwa kumwaga tangi, kulipanda na kulisugua ndani mwenyewe, leo leo. Alilia kwamba hahusiki. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilimshikia ngazi, kama jirani mwema. Nilijisikia vibaya. Kisha nikakumbuka jana asubuhi na lile taulo, nikajisikia nafuu.

Nilipoingia ndani mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, nikiwa nimelivaa, akatoa kichupa kitupu cha mkaratusi. Akanyoosha mkono wa pili. Nikauliza anataka nini. Akasema koti, au amwite Bibi. Nikavua. Nimekwenda kazini na shati tu, nikijiona uchi, na nusura nisome gunia mara mbili kwa wasiwasi.

Jioni nikakuta koti kwenye kamba, linadondosha maji, limebadilika rangi. Sikujua kumbe lilikuwa la kijani. Msumari wa chumbani umeng'olewa. Viatu vyangu vya kazi viko nje ya mlango. Mke wangu akanisogelea, akaninusa shingo, akaninusa nywele, akachukua muda. Kisha akakunja godoro la sebuleni akaliegemeza ukutani, akasema nirudi.

Nimefikiri sana kwa nini imekuwa leo, na jibu ni moja. Lavenda! Ile ya Jumanne na Jumatano. Mafuta yake yamekuwa yanaingia taratibu, siku kwa siku, mpaka yakafika kwenye mfupa. Mafuta ya mimea hayana haraka. Nimemweleza mke wangu hivyo. Aliniangalia muda mrefu, akasema sawa, nilale. Miguu yake ni ya baridi kama zamani. Nina furaha, sijui niseme nini zaidi.

Jumamosi, 11 Mei

Siku kubwa.

Nilijua mama mkwe atafika na basi la saa nne. Nikasema nisiache kazi nusu. Nitaoga kabla hajafika, na mara hii nitumie vyote vilivyobaki. Nikachemsha maji, ndoo kubwa. Nikatia lavenda yote na nusu ya mnanaa. Najua, najua. Lakini mnanaa wa Alhamisi ulikuwa mtupu, huu uko kwenye maji mengi, na sabuni ya kufulia kidogo niliyoiangushia humo bila kukusudia. Nikaibeba ndoo hadi bafuni, mvuke unapanda, ua mzima unanukia. Nikarudi ndani kuchukua taulo. Lile kubwa.

Ndani nikamkuta mke wangu ananiangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu tuchumbiane. Akasema mama ameshafika, alipanda basi la kwanza, yuko hoi kwa vumbi na magoti yanamuuma. Akasema aliniona nikibeba maji ya moto, hakuamini kama nimemfikiria mama yake hivyo. Amemwambia mama yake kwamba mkwewe amemwandalia maji. Ameshaingia bafuni.

Hapa ndipo mwanamume mwenye busara angesema. Mdomo niliufungua. Lakini alikuwa ananiangalia vile! Nikasema ni wajibu wangu.

Kisha nikatoka mbio. Na nitafanya nini? Mkwe hagongi mlango wa bafu alimo mama mkwe wake. Hata kusogea siwezi. Nilisimama katikati ya ua na taulo, jasho linanitoka. Kinyozi alikuwa kizingitini kwake, mikono bado imekauka kwa kusugua tangi. Nikamsihi agonge yeye. Akasema hana undugu na mtu humo ndani.

Ukelele ukatoka.

Ulikuwa ukelele mrefu. Njiwa waliruka kutoka kwenye paa. Mke wangu akatoka, akaninusa, akaliangalia taulo mkononi mwangu, akaelewa yote. Aliingia ndani, mara akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia mkononi, anakimbilia mlango. Halafu kelele zikakata. Kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko ukelele. Nikaona nimeua mama mkwe kwa mnanaa, na kaburini wataandika aliyefanya ni Huyo.

Kisha tukasikia anaimba.

Alitoka amejifunga kanga mbili, uso umemwiva, macho yanamtoka machozi, na hakuegemea ukuta. Akatembea hadi katikati ya ua. Mbele ya watu wote akachuchumaa. Akasimama. Akachuchumaa tena! Akasema magoti hayo hayajakunjika hivyo kwa miaka. Akauliza yuko wapi mkwewe aliyeandaa maji yale. Mke wangu akanionyesha kwa mdomo. Mama mkwe akanijia, akanishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu.

Mwanangu! Si Huyo! Aliwaambia ua mzima kwamba ameviona vichupa vyangu ndani, kwamba mkwe wake anajua mafuta yote, mkaratusi, lavenda, yote, ana mkono wa dawa. Kinyozi alikuwa anasikiliza. Aliposikia mkaratusi akaniangalia, kisha akaliangalia tangi. Sikupenda macho yale.

Mama mkwe hakuuliza mjukuu. Hakuuliza nalala wapi. Hakuchungulia chini ya meza. Nimeshinda kila kitu. Basi la jioni limeondoka bila yeye.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe amelala kwetu. Mara ya kwanza! Amesema magoti yaliyoanza kupona hayapandishwi basi. Mke wangu akasema bila shaka mama hawezi kulala chini. Mimi nikasema bila shaka. Sikufikiri sentensi hiyo itaishia wapi. Iliishia kitandani kwangu. Mama mkwe upande wa ukutani, mke wangu akimkanda magoti, mimi sebuleni, na pini ya tatu nimeiona.

Anakoroma bila wasiwasi wowote. Anasema kwa mwanawe mtu hujisikia nyumbani.

Asubuhi amehitaji maji. Nimechemsha. Jioni amehitaji tena. Nimechemsha. Kila akitoka bafuni anachuchumaa mara tatu na ua unampigia makofi. Anataka kukaa mpaka aweze kuruka kamba. Aliniuliza, kwa upendo mwingi, akiwa ameketi kwenye kitanda changu na kuegemea mto wangu, mbona mimi na binti yake tunachelewa kumletea mjukuu. Nikaenda kuangalia maji ya moto.

Mke wangu aliniita pembeni. Akasema jambo ni dogo: nimfundishe mama kupima matone, nimpe kichupa, aende nacho kwake akaogee huko. Nikamwambia haelewi siasa. Nikimpa kichupa, atanihitaji kwa lipi? Kesho nitakuwa Huyo tena. Akasema basi nichague. Ameanza kuniambia hivyo mara nyingi.

Mchana nilikwenda kunyolewa nipate kutulia. Kinyozi alinipokea kwa heshima kubwa, akanifunga kitambaa, akanyoa upande wa kulia vizuri sana. Kisha akasema umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Akasema ni ile nyingine. Nimerudi nyumbani nusu. Kesho kazini nitavaa kofia.

Jumanne, 14 Mei

Nimepata! Tena mpango huu hauna mafuta ndani yake, kwa hiyo hauwezi kuharibika.

Nimewaza hivi. Mama mkwe hataondoka kwa kufukuzwa, maana mimi ni mwanangu na mwanangu hafukuzi. Ataondoka akibanwa. Na kitanda chetu kinabeba watu wawili, wakijitahidi watatu. Wakizidi hapo hakuna anayelala, na asiyelala hurudi kwao. Ni hesabu ya mizani tu. Ukipakia kupita kiasi, mzigo unashuka wenyewe.

Leo asubuhi, nikimpelekea maji, nikamtajia kwa sauti ya mbali, nje ya mlango, kwamba dada zake nao nasikia wanasumbuliwa na magoti. Hakungoja nimalize. Amewapigia simu wote watatu kabla hajajikausha. Wanakuja Ijumaa. Mmoja na mgongo pia. Wamefurahi sana, wamesema mkwe kama mimi hayupo, watakuja kwa raha zao, hawana haraka ya kurudi. Nimecheka moyoni. Hawajakiona kitanda.

Nimepita kwa Mama Sabuni, nimechukua mnanaa wa kuwatosha na ndoo tatu zaidi. Alianza tena kunieleza, nikamwambia mimi sasa ni mzoefu.

Nilimpa mke wangu habari wakati wa chakula. Aliweka kijiko chini. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumapili kitanda kitakuwa chetu, mimi na yeye na miguu yake. Tangu hapo yuko sebuleni na futi yake ya kushonea, anapima sakafu kutoka cherehani hadi mlangoni, anaigawa mara tatu kwa chaki, kisha anapima tena kutoka godoro langu hadi nje, kizingitini.

Nadhani anataka kutandika zulia. Ataniambia akimaliza.